Chati ya "Get" na Mara Tatu Mlangoni

Mwezi uliopita alikuja kwangu hapa Mbalizi binti mmoja, Neema, mtoto wa jirani yangu wa kanisani. Amepangiwa shule ya kata huko Mbarali, kufundisha Kiingereza, na ndiyo kazi yake ya kwanza. Alinikuta uani nageuza njegere nilizoanika. Hata hajakaa vizuri, akaniambia amesikia kwamba ninayo chati, ile wanayoiita chati ya Madam Sekela, yaani mimi, yenye maana zote za neno "get", na anaomba aipige picha kwa simu aondoke.

Nilimwambia akae kwanza anywe chai. Nikamwambia chati nitampa yote, aibebe, ila kwanza asikilize habari zake. Akatazama saa. Nyie vijana mna haraka, na mimi umri wenu nilikuwa na haraka hiyohiyo, kwa hiyo nikamwacha aende na nikaamua kuandika. Neema, haya ni yako, na ya wenzako wote mnaoanza kushika chaki.

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mbili, Iringa kwanza, halafu Mbarali, nikamalizia huku kwenye baridi. Miaka yote hiyo hakuna neno lililonisumbua kama "get". Maneno marefu hayana shida. Ukikutana na "photosynthesis" unajua umepata mgeni, unampa kiti, anakaa kwenye kiti chake hadi mwisho wa kipindi. "Get" ina herufi tatu tu na iko kila mahali kama kuku wa jirani. Ukiifukuza huku inatokea kule.

Mwaka wangu wa kwanza, shule moja maeneo ya Ilula, niliandika ubaoni kwamba "get" ni kupata. Nikapigia mstari. Watoto wakanakili na mimi nikalala usingizi mzuri. Baada ya wiki chache akaja mkaguzi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, akakaa nyuma ya darasa. Katikati ya kipindi akasimama, akawauliza watoto "get up" maana yake nini. Wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ya watoto waliofundishwa wakashika: pata juu. Akauliza "get lost". Pata iliyopotea. Akauliza "get old". Hapo wakagawanyika, nusu wakasema pata mzee, nusu wakasema pata kuukuu, na monita akasimama kuomba utulivu.

Mkaguzi hakucheka. Aliandika. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Aliyecheka hadi machozi ni Mwalimu Kalinga, mkuu wa idara yetu ya lugha, Mhehe mrefu mpole mwenye sweta moja la kahawia ambalo nadhani alizaliwa nalo. Alipomaliza kucheka akanichukua jioni hiyo hadi kwenye shamba lake la nyanya. Kulikuwa na vibarua watatu wanamwagilia. Akanionyesha mama mmoja mwenye kitenge cha kijani, akaniambia jana yule alikuwa kwa jirani anapalilia vitunguu, na kesho kutwa atakuwa barabarani anapakia matenga kwenye lori.

"Ukimuuliza yule mama kazi yake nini, atakujibu kibarua, na wewe bado hujajua kitu," alisema. "Muulize leo yuko shamba la nani. Na hilo neno lako ulifanye hivyohivyo, binti. Hilo nalo ni kibarua."

Kwa maneno hayo nimekula mshahara miaka thelathini. Kwa hiyo, Neema, usianze na kamusi. Anza na asubuhi ya mtoto. Muulize aliamka saa ngapi, alifika shule saa ngapi, mvua ilimlowesha njiani au la, alipata chai au alikuja na njaa. Muulize yote manne kwa Kiingereza na yote manne uyaulize kwa "get". Kwa Kiswahili umetumia watu wanne, na kwa Kiingereza kibarua mmoja amefanya kazi zote. Halafu unyamaze. Usieleze. Waache wabishane wenyewe, maana mtoto hasahau kitu alichokibishania, na wewe upate nafasi ya kupumua, kwa sababu kufundisha vipindi sita mfululizo si mchezo.

Kosa langu la pili lilikuwa la tamaa. Nilihamishiwa shule ya kata karibu na Ubaruku, kwenye mpunga. Nikatoka kwenye baridi nikaingia kwenye joto na mbu, na vumbi la pumba linaloingia hadi kwenye chumvi. Mashine za kukoboa zilinguruma mchana kutwa, ukifundisha unafundisha kwa kupaza sauti. Na mpunga ukianza kukomaa, nusu ya darasa hawapo, wako majarubani wanaamia ndege. Mtakutana na hilo. Msiwachape. Ndege wakiumaliza mpunga hakuna daftari wala sare mwaka huo, na mzazi analijua hilo kuliko afisa elimu. Mimi niliwapa kazi ya kwenda nayo: kila mmoja arudi na sentensi moja yenye "get" aliyoitunga akiwa anafukuza ndege.

Ndivyo chati ilivyozaliwa. Niliunganisha karatasi mbili za manila, nikazibandika ukutani kidato cha kwanza. Sentensi yenye maana mpya iliingia kwa mwandiko wa aliyeileta, na jina lake pembeni. Mmoja aliandika kwamba ndege "get angry" ukiwachelewesha kula. Mwingine aliandika kwamba mjomba wake "got a wife, but she got tired of him", na hiyo nikaihesabu mbili. Nikaona raha. Nikataka zote. Nikawa siangalii tena kama watoto wanaongea, naangalia chati imefika wapi. Ilifika sentensi thelathini na moja, na kumi na saba kati ya hizo zililetwa na mtoto mmoja aliyeitwa Minza.

Minza alikuwa binti wa Kisukuma. Wazazi wake walishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao wakaingia bonde la Usangu kabla hajazaliwa, wakajenga mbali na mji, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu yake yeye, saa mbili kwa yangu. Alikuwa wa kwanza kwao kufika sekondari. Nyumbani Kisukuma, shuleni Kiswahili, na sasa Kiingereza kimeingia kabla Kiswahili hakijakaa sawa. Sikumcheka kwa hilo, maana hata mimi Kiswahili nilikikuta darasa la kwanza, nimetoka nyumbani Rungwe na Kinyakyusa changu peke yake. Akisimama kujibu alikunja shingo na sauti ikapotea. Lakini ukimpa kalamu hakuwa na mwenzake.

Siku moja nilikuwa nawalalamikia Waingereza mbele ya darasa, kwamba ni watu gani hawa, neno moja kazi arobaini. Minza akanyoosha mkono. Akasema, kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, kwamba mbona na sisi tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga deki, tunapiga magoti kanisani, na hakuna tuliyemwumiza. Darasa likaangua kicheko. Mimi nilibaki na chaki mkononi, kwa sababu miaka yote nilikuwa sijawahi kuliona hilo. Kwa sheria nilipaswa kumtuma akamwagilie bustani kwa kosa la kuongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza. Siku ile sikumtuma. Maneno yake yalinifaa mimi, kwa hiyo sheria ikalala.

Sasa nifike kwenye mlango.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumefanya vibaya mtihani wa kidato cha pili, tukakaa kikao. Niliyesimama ni mimi. Nilisema watoto hawaongei Kiingereza kwa sababu hakuna kinachowalazimisha. Nikapendekeza kwamba ofisi ya walimu iwe ya Kiingereza tu. Mwanafunzi mwenye shida yoyote aiseme kwa Kiingereza, na asiyeweza arudi akajipange. Wenzangu wakapiga makofi. Nikachukua kipande cha manila, nikaandika kwa maka peni nyekundu NO ENGLISH, NO SERVICE, nikakigongomea mlangoni kwa misumari minne. Msije mkasikia mahali kwamba tuliagizwa kutoka juu. Hakuna aliyetuagiza, na hata misumari niliinunua mwenyewe.

Tulifurahi sana mwanzoni. Ofisi ilitulia, hakuna wa kuja kushtaki kaibiwa kalamu, hakuna wa kuja kusema tumbo linamuuma. Tukaambiana kwamba Kiingereza kimeanza kuwaingia. Kumbe watoto waliacha kuja tu, na shida zao wakarudi nazo nyumbani.

Mwaka ukageuka, Minza na wenzake wakaingia kidato cha kwanza, na mlango wakaukuta hivyohivyo. Jumatatu moja, saa ya mapumziko, Minza akasimama pale. Akaanza, "Madam, naomba," na sikumwacha amalize. Nilinyoosha kidole juu ya kichwa chake kwenye yale maandishi. Akageuka akayasoma, akarudi darasani.

Jumanne alikuja na kikaratasi kiganjani. Akasema, "Madam, my home, we get... on Thursday we get..." na akakwama. Na mimi, kwa ile sauti yangu ya kufundishia, nikamuuliza, "Get what, Minza? Complete sentence." Mwalimu wa hisabati akacheka kidogo mezani kwake, si kwa ubaya. Minza akakikunja kile kikaratasi mara mbili, akakikunja tena, akaondoka.

Jumatano alikuja mikono mitupu. Hakusema neno. Alisimama nje ya kizingiti, miguu pamoja, akinitazama. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilinyanyua macho nikamwona. Nikamwambia, "Tomorrow, Minza," nikarudi kwenye madaftari.

Alhamisi kiti chake kilikuwa kitupu. Nilimuuliza monita, naye akasimama, akaanza kutafuta Kiingereza cha kunijibia, nikamwambia aseme tu kwa Kiswahili.

"Kina Minza wanahama leo, Madam," alisema. "Wanakwenda upande wa Chunya na ng'ombe. Hawarudi tena huku."

Mnaoanza kazi hamjajua uzito wa maneno hayo, ngoja niwaeleze. Mwanafunzi akihama bila barua ya uhamisho, shule anayokwenda inamkatalia. Kwetu jina lake linabaki kwenye daftari la mahudhurio, wiki baada ya wiki anaandikwa hayupo, mwisho anaandikwa mtoro. Mtoto wa kwanza kwao kufika sekondari anageuka mtoro kwa sababu ya karatasi moja. Na karatasi yenyewe inaandikwa kwa dakika kumi.

Mkuu wa shule alikuwa kwenye kikao Rujewa, na muhuri umefungiwa kabatini kwake. Niliazima baiskeli ya mlinzi nikatoka na jua la saa saba. Nilikuwa nimejipanga njia nzima kama mwanasheria: nitawaambia wamwache mtoto, nitatafuta mama wa kanisani amkaribishe, nitawaeleza faida za elimu. Nilianguka mara moja kwenye mfereji, nikafika kwao saa nane na sketi ina tope hadi magotini.

Ng'ombe hawakuwepo. Wanaume walikuwa wameondoka nao alfajiri, na mama yake na wadogo zake walikwishatangulia. Palibaki mkokoteni mmoja uliokwisha kufungwa kamba, maksai wawili wamesimama na nira shingoni, Minza, na bibi yake aliyekaa chini kwenye kivuli cha mkokoteni. Nilijiuliza kwa nini hawa wawili wamechelewa hivyo na safari ni ndefu, lakini sikuuliza.

Bibi akaniambia, "Mwadila." Nilijua ni salamu. Jibu sikulijua. Nikaanza moja kwa moja, kwa Kiswahili, kwamba mimi ni mwalimu wa Minza na nimekuja kwa jambo muhimu. Yule bibi akainua kiganja. Minza akanitafsiria kwamba bibi hajui Kiswahili, na anasema nikae kwanza, ninywe, habari itanisubiri.

Kigoda kilikuwa ndani ya mkokoteni, chini ya mizigo yote. Wakafungua kamba. Wakashusha godoro, sufuria, na magunia mawili ya mpunga, wakakitoa kigoda, nikakikalia. Wakanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Bibi akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi, kama mama yangu yuko hai, kama mvua kwetu zimenyesha vizuri, kama watoto wangu ni wazima, na kama hilo tope la kwenye sketi ni la kuanguka au la kusukumwa. Na Minza, yule ambaye hakuweza kumaliza sentensi moja mlangoni kwangu, alikaa katikati yetu akabeba maneno kwenda na kurudi kwa muda mrefu, bila kukunja shingo na bila kukwama hata mara moja. Nilimtazama kama mtu nisiyemjua.

Ndipo bibi akauliza lake. Alisema mtoto alimwambia ameenda kwangu siku tatu kunieleza kwamba wanahama. Akauliza kama kweli alinieleza.

Ningeweza kusema mambo mengi. Nilisema, "Alikuja. Ila sikumwelewa."

Minza alinitazama. Kisha akaigeuza sentensi yangu kuwa Kisukuma, na bibi akatikisa kichwa kwa huruma, akanishika goti, akasema kitu.

"Anasema basi si kosa lako," Minza alinitafsiria. "Anasema lugha za watu ni ngumu."

Nikayameza na maziwa. Kisha nikamuuliza Minza alikuwa anataka nini kwangu siku zile tatu. Akaniambia alitaka barua ya uhamisho, hiyo tu, baba yake alikuwa tayari kumpeleka shule yoyote ya huko mradi awe na barua. Hotuba yangu yote ya faida za elimu ikabaki bila kazi. Hakuna mtu pale aliyekuwa anamzuia mtoto kusoma. Aliyemzuia alikuwa amekalia kigoda chao.

Nilichana ukurasa kwenye daftari langu, nikauweka juu ya ubao wa mkokoteni, nikaandika kwa Kiswahili. Niliandika kwamba mwalimu yeyote atakayempokea mtoto huyu ajue ni mwanafunzi halali wa kidato cha kwanza, hana kosa lolote, barua rasmi itafuata, na nikaweka sahihi yangu. Muhuri haukuwepo. Minza akaikunja akaitia kati ya kurasa za daftari, daftari akalitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akauweka ndani ya sufuria yenye mfuniko. Wakapakia upya vitu vyote walivyoshusha kwa ajili yangu. Nilitaka kumwambia samahani. Nilimwambia asome kwa bidii.

Ijumaa mkuu wa shule aliandika barua ya kweli, ikapigwa muhuri. Tatizo hatukujua tuipeleke shule gani, na namba ya baba yake haikupatikana tena. Barua ikakaa kwenye faili hadi nikahama. Lile tangazo la mlangoni nililing'oa siku hiyohiyo, na wenzangu waliponiuliza sababu nikawaambia kwamba watoto hawaeleweki wakija, tunapoteza muda. Misumari miwili ilikataa kutoka, nikaigonga ikazama kwenye mbao.

Kuanzia hapo nilifanya kazi kwa njia nyingine, na hii ndiyo sehemu ninayotaka mwende nayo kuliko chati. Mtoto akija mlangoni, aseme kwa lugha aliyokuja nayo. Kisafwa, Kibena, Kisangu, chochote, na kama hukijui mwite mwenzake atafsiri. Sikiliza shida, itatue. Ikishaisha, mwambie: haya, sasa hilihili tuliseme kwa Kiingereza. Mtamshangaa. Mtoto aliyeomba ruhusa ya kumpeleka mama yake zahanati na akapewa, ukimfundisha wakati huo namna ya kuomba ruhusa kwa Kiingereza, hatasahau hadi anazeeka. Matokeo yetu ya kidato cha pili yalipanda kidogo. Hayakupanda sana, nisiwadanganye.

Nilipokwenda Iringa kumsalimia Mwalimu Kalinga, akiwa amestaafu, nilimsimulia habari za Minza. Nilimsimulia vizuri, na kigoda na tope, tukacheka kwenye tope. Nilipofika mlangoni nikasema sikumwelewa. Yeye alikuwa anachambua nyanya, mbovu huku, nzima kule. Aliguna tu, akaendelea kuchambua. Sikumuuliza alikuwa anaguna nini.

Neema, uliniambia kwamba simu inatoa maana zote za "get" kwa sekunde moja. Najua. Nimeijaribu, ina nyingi kuliko chati yangu, na hazina makosa. Ichukue chati vilevile, iko nyuma ya kabati la vyombo, imeviringishwa na kufungwa uzi. Ibandike uone watoto watakavyogombania kuandika majina yao. Lakini kabla hujaibandika nimalizie lililobaki, maana mengine yote niliwahi kuwasimulia watu, hili bado.

Mwaka jana kuku wangu walianza kusinzia, nikashuka hapa sokoni kutafuta chanjo ya kideri, ile ya matone ya macho. Kuna duka jipya la dawa za mifugo. Nyuma ya kaunta alikuwa mwanamke mwenye koti jeupe, amejaa, ana sauti ya kusikika. Akaniambia shikamoo Madam, nikaitikia kama ninavyowaitikia wote, maana mji huu nusu nimewafundisha. Akaniuliza kama bado napiga pasi bila kuwaumiza watu. Nikamwita jina lake, Minza.

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Aliniambia shule ya huko waliitazama barua yangu pande zote mbili, wakasema haina muhuri, wakamrudisha. Alikaa nyumbani. Baba yake alihangaika, na mwishowe Minza akaanza upya kidato cha kwanza shule nyingine, miaka miwili nyuma ya wenzake. Akamaliza, akasomea mifugo. Bibi alifariki huko Chunya. Alinisimulia yote bila lawama, na mimi nilikuwa nahesabu ile miaka miwili kimoyomoyo na kuona aibu.

Alipokuwa ananitolea chupa kwenye friji, akaniuliza akiwa amenipa mgongo.

"Madam, ile Jumatano sikusema kitu. Nilikutazama tu. Ulijua kwamba nina shida?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelitumia miaka kumi na tano. Nililitumia kwa bibi yake, kwa wenzangu, kwa Mwalimu Kalinga, hata kwenye maombi yangu. Siku ile halikutoka. Nilimwambia ndiyo, nilijua. Shida gani sikuijua, lakini niliiona usoni kwake mara tu nilipoinua macho, na hiyo haihitaji lugha. Nilimwambia niliona kwamba nikimwita ndani aongee Kiswahili, wenzangu watanicheka kwa sheria niliyoitunga mwenyewe. Kwa hiyo nikamwambia kesho.

Akaizungushia ile chupa gazeti lenye vipande vya barafu, akaifunga taratibu, akanisogezea.

"Ile Alhamisi bibi alizuia mkokoteni tangu asubuhi," alisema. "Aliniambia niende kwako mara ya nne, wangeningoja hata hadi jioni. Mimi ndiye niliyekataa. Nilijua umejua, Madam."